Hakuna Anayemsimamisha Mwenzake

Cedar-Riverside, Minneapolis
Jumanne, 11 Februari 2025

Kwa dada Bimkubwa,

Assalamu alaikum. Simu zako nimeziona, zote saba. Usidhani nimekasirika, sisikii. Tangu Jumapili sikio la kushoto linavuma kama jiko la gesi lililoachwa wazi, na la kulia linapata sauti ya mtu bila maneno yake. Kwa hiyo nakuandikia kwa barua pepe, nawe niandikie.

Nilikwambia Sabimizu wanakuja. Ni ile bendi ya Wajapani ninayoifanyia kazi ya sauti, huu mwaka wa tatu, kila wakija upande huu wa Marekani. Mama huniuliza wanaimba nini, nami humwambia hawaimbi. Wako watatu. Onodera anapiga gita na ndiye mwenye mayowe. Chihiro ni wa gita la besi. Alisoma Kiswahili chuo kikuu huko Osaka, na alinichukua kazini baada ya kunisikia nikibishana nawe kwenye simu. Wa tatu ni mpiga ngoma. Huanza na pank, ile roki ya kasi na fujo, vipande vya dakika moja moja, kisha huuvunja muziki wenyewe wakabaki na kelele za nyaya na mashine, na kutoka hapo hakuna kilichopangwa. Kila mtu hubuni palepale. Kuna watu huendesha gari saa sita kuja kuwasikiliza.

Jumapili alasiri, kwenye ukumbi mdogo karibu na mtaa wetu, Onodera alianguka katikati ya onyesho. Moyo ulisimama. Kerubo, yule rafiki yetu Mkisii anayetunza wazee Brooklyn Center, kitongoji cha hapa, alikuwapo, na ndiye aliyemsukuma kifua. Ukumbini kulikuwa na mashine ya kushtua moyo. Moyo ulirudi kabla gari la wagonjwa halijafika. Watu wa gari waliniuliza amelala hivyo muda gani. Nikawaambia dakika mbili.

Sasa yuko kwenye mashine ya kupumulia. Ana miaka hamsini na mmoja. Hajafungua macho. Mkewe, Setsuko, yuko njiani kutoka Osaka. Wewe umekaa na wagonjwa mahututi miaka ishirini na miwili. Niambie: mtu wa dakika mbili huamka?

Nduguyo,
Faiz


Mombasa
Jumatano, 12 Februari 2025

Faiz mdogo wangu,

Wa alaikum salaam. Kwanza masikio. Nenda ukapimwe leo, usingoje yapoe yenyewe. Sikio likivuma baada ya siku tatu si uchovu tena.

Sasa huyo bwana. Moyo ukisimama, wa kwanza kuumia ni ubongo. Lakini ikiwa ni dakika mbili na kifua kikasukumwa na mtu anayejua, wengi huamka. Nimewaona mimi mwenyewe. Tulikuwa na dereva wa lori kutoka bandarini, alilala siku nane, watoto wake wakaanza kunong'ona mambo ya mazishi. Siku ya tisa alifungua macho akauliza funguo zake nani anazo. Mwambie huyo mke asikubali kuharakishwa. Awe anamsemesha. Siku tatu si kitu, hata siku kumi si kitu.

Lakini soma na hili. Yote niliyoandika yamesimama juu ya hizo dakika mbili. Zikiwa tano, hiyo ni barua nyingine. Zikiwa nane, ningekuandikia mstari mmoja tu. Watu hupunguza dakika, Faiz. Nimewasikia mlangoni kwangu kila wiki. Mke atakwambia "sasa hivi tu alikuwa anazungumza", kumbe ameshachemsha chai na kuinywa. Hawadanganyi, wanahesabu tangu waliposhtuka. Basi nauliza: nani aliangalia saa?

Mama hajui. Nimemwambia simu yako imeharibika.

Dadako,
Bimkubwa


Minneapolis
Jumapili, 16 Februari 2025

Dada,

Setsuko amefika. Ni mwanamke mfupi, anafanya kazi ofisi ya maji ya mji wao. Anasema katika miaka ishirini amemwona mumewe jukwaani mara moja tu, na hata hiyo alitoka nje akaenda kusubiri dukani. Sasa anamkata kucha, anampaka mafuta midomoni, anamweleza habari za jirani aliyeegesha gari vibaya.

Madaktari wanamwogopesha. Wanasema picha ya ubongo ni mbaya, umevimba. Nikaona barua yako itamtia nguvu, nikampa Chihiro aitafsiri. Setsuko alitaka kusomewa pale pa dereva wa lori mara tatu. Kisha aliinakili yote kwa mkono wake, na karatasi anayo kwenye mfuko wa shati. Daktari akija na maneno yake, yeye huitoa. Anasema yuko sista mkubwa Mombasa ambaye ameyaona haya kwa macho yake. Wewe hujui umefanya jambo gani. Ameanza kula.

Jana daktari aliniita pembeni. Akasema picha hailingani na dakika mbili. Akaniuliza tena. Nikamwambia nilivyosema mwanzo. Basi akasema labda ni dawa za usingizi na ule ubaridi waliomtia mwilini siku za kwanza kuulinda ubongo vinavuruga vipimo, watangoja zaidi.

Masikio nimekwenda. La kushoto wanasema huenda lisirudi.

Nduguyo,
Faiz


Mombasa
Jumatatu, 17 Februari 2025

Faiz,

Nilikuandikia wewe, sikumwandikia mke wa mtu. Sijamwona mgonjwa, sijashika faili lake, sijaona picha. Na leo naambiwa mimi ndiye ninayetolewa mfukoni kumjibu daktari. Ungeniuliza kwanza.

Nimesoma barua yako mara mbili. Nilikuuliza nani aliangalia saa. Umenijibu kucha, mafuta, jirani wa Osaka. Wewe tangu mdogo ukiulizwa jambo usilolitaka huanza kueleza jingine kwa urefu. Ulipovunja redio ya baba ulitusimulia habari za paka.

Picha haidanganyi kwa kiasi hicho. Daktari wako anajitafutia sababu kwa kuwa anaziamini dakika zako kuliko mashine yake.

Mwaka juzi uliniambia unarekodi kila onyesho lao, kila chombo peke yake, na saa inaandikwa humo. Fungua hiyo rekodi. Niandikie namba. Sitaki kingine.

Bimkubwa


Minneapolis
Jumatano, 19 Februari 2025

Dada,

Dakika tisa na sekunde kumi na tano.

Nilijua kabla ya kuifungua. Mstari wa maikrofoni ya Onodera unakatika saa kumi na dakika kumi na mbili. Pumzi yake ya mwisho inaonekana kwenye kompyuta kama kinundu, kisha hakuna kitu. Mstari wa gita unaendelea. Aliliangukia mbele ya spika yake, na gita likikaa hivyo hulia lenyewe bila mkono wa mtu, kwa muda wowote utakaoliacha.

Sijitetei, nataka uelewe kazi yao ilivyo. Onodera hulala chini karibu kila onyesho. Hulala, hutambaa, hulibana gita kwa kifua. Na wana sheria moja, aliniambia siku ya kwanza kabla hajaniuliza jina: hakuna anayemsimamisha mwenzake. Kipande huisha pale sauti ya mwisho inapokufa yenyewe. Aliyekuwa mtu wa sauti kabla yangu aliikata mapema, huko Chicago, akafukuzwa mbele za watu. Kwa hiyo alipolala, nilingoja. Chihiro aliendelea. Ngoma ziliendelea. Wasikilizaji walisogea mbele.

Kerubo hakuwahi kuwaona. Alikuja kwa sababu nilimsumbua aje. Dakika ya tano alinifuata kwenye mikseri ya sauti akanishika mkono, akanipigia kelele sikioni.

"Faiz, huyo mzee hajasonga."

"Ndivyo alivyo."

"Nakuambia hajasonga. Mimi nageuza wazee kila siku, najua mtu aliyelala."

"Wewe hujui muziki huu, Kerubo. Rudi nyuma."

Nikampungia mkono, hivi, kama mtu anayefukuza kuku. Akarudi nyuma. Nilipokwisha kumwondoa, nikapandisha sauti ya gita. Hakuna aliyeniambia niipandishe. Niliipandisha kwa sababu ilikuwa nzuri. Miaka mitatu sijapata kumsikia akitoa sauti iliyotulia vile. Watu walinyanyua mikono.

Dakika ya tisa Kerubo hakuja kwangu. Alipasua watu akapanda jukwaani akamgeuza. Ndipo nilipokata.

Wa gari la wagonjwa aliponiuliza, nilihesabu tangu nilipokata hadi moyo uliporudi. Ni kama ulivyosema, tangu niliposhtuka. Lakini hospitali waliponiuliza mara ya pili nilikuwa najua, na jana daktari aliponiuliza mara ya tatu nilikuwa nimeshaiangalia rekodi. Kerubo hakuulizwa na mtu. Alikwenda zamu yake jioni ileile. Hajibu ujumbe wangu.

Wanataka kumtoboa koo keshokutwa, Ijumaa, wamhamishie bomba la pumzi shingoni. Setsuko asipokubali, itabidi wazungumze habari ya kuondoa mashine. Karatasi ya kutia saini inaletwa kesho jioni. Nipe siku chache. Tafadhali usimwandikie mtu.

Faiz


Mombasa
Alhamisi, 20 Februari 2025, asubuhi

Faiz,

Siku chache huna. Unayo leo.

Nisikilize kama mtu wa wodi anavyomsikiliza mwenzake anapokabidhiwa zamu. Shimo la koo halimwamshi mtu. Humwezesha kukaa na mashine miezi, miaka. Mke hutia saini ya shimo kwa kuwa anaamini mbele kuna safari. Kwa dakika tisa na picha kama hiyo, safari hakuna. Huyo bwana ameishi kwa koo lake. Litatobolewa kwa sababu ya namba uliyoisema wewe na barua niliyoiandika mimi. Dereva wangu wa lori alikuwa mtu wa dakika moja na nusu. Alianguka hatua tatu kutoka nilipokuwa nimesimama. Hilo sikuliandika. Nilitaka kukufariji.

Nenda leo kabla ya karatasi. Mchukue Chihiro akutafsirie. Usianze na sheria ya bendi, usianze na Kerubo, usianze na kulia. Anza na namba, halafu nyamaza. Akikutukana, kaa.

Usipomwambia, Jumamosi namwandikia Chihiro mwenyewe. Anuani yake ninayo kwenye ile barua mliyonitumia ya kunialika maonyesho yao.

Bimkubwa


Minneapolis
Jumamosi, 22 Februari 2025

Dada,

Alitia saini Alhamisi saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nimekaa kando yake.

Wallahi nilikwenda kumwambia. Chihiro alisema ana homa, hawezi kutoka hotelini. Nikajaribu kwa simu. Niliandika ile namba ya dakika, sentensi moja, simu ikaigeuza herufi za Kijapani ambazo sijui zilisema nini. Nikaifuta. Yeye akadhani nina njaa nashindwa kusema. Akanitolea tonge la wali lililofungwa kwa mwani, akanionyesha kwa mkono nile. Nikala. Nilikuwa natafuna wakati sista anaingia na karatasi, tayari imetafsiriwa Kijapani.

Jana walimtoboa. Bomba halipo tena mdomoni, kwa hiyo uso wake unaonekana wote. Setsuko anafurahi. Anasema sasa amekuwa yeye.

Siendi kazini. Nalala na taa ikiwaka kwa sababu gizani sikio linavuma zaidi. Mwandikie Chihiro. Mimi sina uso wa kukukataza.

Faiz


Mombasa
Jumamosi, 22 Februari 2025

Kwa Bi Chihiro,

Salaam. Mimi ni Bimkubwa, dada wa Faiz. Hatujaonana. Barua yangu ya tarehe 12 wewe ndiye uliyemtafsiria Bibi Setsuko, na barua hiyo ndiyo sababu ya kukuandikia.

Onodera hakulala dakika mbili. Alilala dakika tisa na sekunde kumi na tano bila kusukumwa kifua. Rekodi anayo Faiz na saa imeandikwa ndani yake. Niliyoyasema juu ya kuamka hayamhusu mtu wa dakika tisa, na niliandika hivyo katika barua ileile, sehemu ya pili. Sielewi Bibi Setsuko aliisomaje sehemu ile akabaki na matumaini aliyonayo.

Namwomba Faiz aseme mwenyewe. Hawezi bila wewe. Ikiwa una homa, ngoja ipoe, kisha nenda naye. Ikiwa huna, nenda kesho.

Sikulaumu. Sina nafasi ya kumlaumu mtu.

Bimkubwa


Minneapolis
Jumatatu, 24 Februari 2025

Kwa Dada Bimkubwa,

Nimepokea barua yako. Nimeisoma mara nne, na kamusi iko mezani, ingawa maneno yote ninayajua. Tafadhali niwie radhi kwa makosa ya lugha. Mwalimu wetu alitufundisha kuandika barua za maombi ya kazi na barua za rambirambi, hakutufundisha barua ya namna hii.

Homa sikuwa nayo. Faiz aliponiambia Alhamisi kwamba anataka kumwambia Setsuko-san jambo muhimu, nilijua ni jambo gani. Nilikaa hotelini na kuzima simu.

Barua yako ya tarehe 12 niliitafsiri nusu. Nilifika kwenye maneno "Lakini soma na hili" nikasimama. Setsuko-san aliuliza, "Ndiyo mwisho?" Nikamwambia ndiyo mwisho. Faiz alikuwa chumbani lakini hajui Kijapani. Mpaka leo anafikiri nilisoma yote.

Nilisimama kwa sababu nilikuwa najua haikuwa dakika mbili. Jukwaani nilikuwa mita mbili kutoka kwa Onodera-san. Nimefanya kazi naye miaka kumi na mmoja. Anapolala chini, mguu wake wa kulia hupiga sakafu, taratibu sana, wasikilizaji hawauoni. Mimi huufuata mguu huo. Siku ile mguu ulisimama. Nilifikiri leo anajaribu kitu kipya. Nikapunguza besi ili nimpe nafasi. Baada ya muda nilimwona uso, na rangi yake haikuwa ya mtu. Hapo nilijiambia kwamba ni taa. Niliendelea, kwa sababu hakuna anayemsimamisha mwenzake, na kwa sababu tulikuwa tunapiga vizuri. Faiz anafikiri kosa ni lake kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na kitufe. Yeye alikuwa nyuma ya ukumbi, gizani, nyuma ya watu mia moja na ishirini. Mimi nilikuwa mita mbili.

Mpiga ngoma wetu alirudi Japani siku ya tatu bila kuaga. Nafikiri yeye pia aliona. Hatujaulizana.

Nimezungumza na daktari leo. Amekubali tukutane Alhamisi, tarehe 27, saa nne asubuhi, pamoja na Setsuko-san. Nitatafsiri kila neno la Faiz. Kisha nitasoma nusu ya barua yako niliyoiacha, halafu nitasema ya kwangu.

Kwa heshima,
Chihiro Tagawa


Minneapolis
Ijumaa, 28 Februari 2025

Kwa dada Bimkubwa,

Assalamu alaikum. Jana tulimwambia.

Kerubo alikuja. Nilimwandikia ujumbe wa mwisho, sikumwomba msamaha, nilimpa saa na namba ya chumba tu. Alifika na sare yake ya kazini, viatu vimelowa theluji. Nikamwambia ahsante. Akasema, "Sikuja kwa ajili yako. Nimekuja nione kama utasema."

Tulikuwa watano ndani ya chumba kidogo wanachowaweka watu wa familia: daktari, Setsuko, Chihiro, Kerubo na mimi. Nilianza na namba kama ulivyoniambia, nikanyamaza. Chihiro akaisema kwa Kijapani. Setsuko alimtazama daktari, siyo mimi. Daktari akainamisha kichwa, akasema sasa picha inaeleweka.

Kisha nikasema yaliyobaki. Kumfukuza Kerubo kwa mkono, na gita. Chihiro akasoma nusu ya pili ya barua yako. Nilikuwa sijui kwamba haikusomwa. Setsuko alitoa ile karatasi mfukoni, akaomba kalamu, akaandika sehemu iliyobaki chini ya ile ya kwanza, neno kwa neno, huku Chihiro akimtajia. Wewe hakukutaja kwa ubaya wala kwa uzuri. Chihiro aliposema habari ya mguu, ilibidi aanze upya, akamaliza.

Setsuko aliinuka akaenda mbele ya Kerubo, akainama hadi kiunoni. Kerubo alimshika mabega akamwinua. "Mama, usifanye hivyo. Nilichelewa na mimi," alisema kwa Kiswahili. Chihiro akatafsiri.

Halafu Setsuko akataka kuisikia rekodi. Daktari alisema si lazima. Akasema anataka, na tukaisikilizie chumbani kwa mumewe. Nilimwekea kompyuta kwenye meza ya chakula ya mgonjwa, nikampa vile vipokea sauti vya masikioni. Alisikiliza dakika zote tisa, amemkazia macho Onodera. Mimi nilikuwa naangalia mistari ikipita. Ilipofika pale nilipopandisha gita, Setsuko alinyanyua kichwa.

Akauliza nani ameongeza sauti hapa.

"Mimi."

Akauliza kwa nini. Nikasema ilikuwa nzuri. Chihiro alinitazama kwanza kabla ya kutafsiri. Alipotafsiri, Setsuko akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepokea risiti. Akauliza na wale watu wanaosikika, walikuwa wanafanya nini. Nikamwambia walikuwa wanashangilia.

Akavua vipokea sauti, akavifunga waya wake vizuri, akanirudishia. Akamuuliza daktari kama shimo la koo linaweza kuzibwa kabla hajamchukua kwenda naye nyumbani. Daktari alisema litashonwa, lakini baada ya yote. Amekubali mashine iondolewe kesho, Jumamosi, saa nne asubuhi. Hapa kesho ndiyo mwanzo wa mfungo. Setsuko hajasema nije wala nisije. Nitakaa koridoni.

Nilipokuwa nafunga kompyuta alisema nami moja kwa moja, mara ya kwanza tangu afike nchi hii. Ilikuwa sentensi fupi. Chihiro alifungua mdomo kutafsiri, nikamwambia aache. Kijapani sikijui, ila majina ya siku za wiki ninayajua, kwa sababu ndiyo yanayoandikwa kwenye ratiba ya maonyesho, na neno moja nililishika kwa sikio hili la kulia. Lilikuwa Alhamisi: ningemwambia Alhamisi iliyopita, kabla hajatia saini. Hakulia wala hakupaza sauti. Alisimama kati yangu na kitanda, mkono wake uko shingoni mwa mumewe, juu ya bandeji, anangoja nimjibu, nikasimama hapo kama ulivyoniagiza.

Nduguyo,
Faiz